Tawi, kampuni tanzu au wakala: kampuni ya Dodoma ikivuka mpaka, kodi ipi inaiuma?

Jibu la haraka kwanza, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni ya benki. Kama una kampuni Dodoma na unataka kuuza nchi jirani, anza kwa kumuuzia wakala wa kule, yaani mfanyabiashara anayenunua mzigo wako na kuuuza kwa faida yake mwenyewe. Soko likishakaa sawa, piga hesabu ya tawi (kampuni yako ileile ikifanya kazi kule) na ya kampuni tanzu (kampuni nyingine, iliyosajiliwa kule, unayoimiliki) kwa tarakimu zako mwenyewe. Ukiambiwa "fungua kampuni kule, ndivyo wanavyofanya wakubwa", uliza kwanza hao wakubwa wamesajiliwa wapi. Kampuni mbili zinaweza kuuza bidhaa ya aina moja, mtaa uleule wa Kampala, kwa faida ileile, na bado moja ikabaki na shilingi 59 na nusu katika kila mia wakati mwenzake anabaki na 49. Chanzo cha tofauti hiyo kiko nyumbani kwa kila mmoja wao.

Hesabu hii nimeifanya mara kadhaa, ila iliyonikaa ni ya mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo upande wa Hombolo. Aliingia ofisini na mfuko wa chupa mbili: moja ya kwake, nyingine ya Afrika Kusini aliyoinunua Kampala, bado ina kibandiko cha bei ya supamaketi. Nikamwamkia, akaitikia, akazipanga mezani bila kukaa.

"Kijana wangu, soma bei hiyo. Hii imevuka bahari na nchi ngapi sijui. Yangu imetoka Hombolo. Wanawezaje?"

Kweli kuna mengi. Kiwanda chake kinajaza chupa kwa mkono, chao kinajaza kwa mashine. Chupa yenyewe ya glasi anainunua kwa bei inayomtoa jasho. Lori lake linakwenda Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Bukoba hadi Mutukula kwenye mpaka wa Uganda, na kila kilomita ina dizeli yake. Hapa nyumbani mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini, lakini ngao hiyo inaishia mpakani. Hayo yote alikuwa anayajua. Asilolijua ni kwamba, hata siku chupa, lori na mashine zikilingana, mwenzake wa Afrika Kusini angebaki na fedha nyingi zaidi mfukoni baada ya kodi, kwa sababu ya namna nchi yake inavyoitazama faida iliyopatikana nje.

Kodi ya mwenye ng'ombe na kodi ya malisho

Nilimweleza kwa mifugo, maana kabla ya zabibu alikuwa mfugaji. Tuseme ng'ombe wako wamekula majani ya Manyoni. Nani atoze ushuru: Manyoni yenye majani, au kijiji chako kwa kuwa wewe ni mkazi wake? Nchi zimegawanyika hapohapo.

Kundi la kwanza humfuata mwenye ng'ombe. Ukiwa mkaazi wa nchi hiyo, faida yako ya dunia nzima inahesabiwa nyumbani, halafu kodi uliyolipa ugenini inapunguzwa ili usikamuliwe mara mbili. Tanzania iko humo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura 332, kampuni mkaazi hutozwa asilimia 30 ya mapato yake ya ndani na ya nje. Uganda nayo huwatoza wakaazi wake kwa mtindo huohuo, na kwa kiwango hichohicho cha asilimia 30.

Kundi la pili hufuata malisho: faida itozwe pale ilipopatikana, basi. Kenya kwa sehemu kubwa imeegemea huko, kwani sheria yake inatoza mapato yaliyopatikana Kenya au yaliyotokana na Kenya, japo biashara inayofanyika sehemu Kenya na sehemu nje yake inaweza kuhesabiwa yote kuwa ya Kenya. Uingereza na Japani zilihamia upande huu mwaka 2009 kwa gawio (faida inayogawiwa wenye hisa) linalotoka kwenye kampuni tanzu za nje.

Halafu kuna waliochanganya, na mmoja wao ndiye mshindani wa mzee wangu. Afrika Kusini humfuata mwenye ng'ombe, lakini gawio kutoka kampuni ya nje ambayo kampuni mama inamiliki angalau asilimia 10 ya hisa halitozwi tena likifika nyumbani. Kwenye karatasi ni kundi la kwanza. Pesa inapotua benki, ni kundi la pili.

Nani ana haki? Kila upande una hoja nzito. Anayemfuata mwenye ng'ombe anasema: nisipotoza faida ya nje, nitakuwa nawalipa watu wangu wahamishe viwanda. Mtu wa Hombolo asichague Kampala kwa sababu ya kodi tu. Anayefuata malisho anajibu: nikimtoza mtu wangu juu ya kodi ya kule, atakuwa sokoni kule na jiwe mgongoni ambalo jirani yake hana. Wa kwanza anataka usawa kati ya nyumbani na nje. Wa pili anataka usawa kati ya washindani waliosimama soko moja. Ukiupata mmoja, mwingine unakuponyoka, isipokuwa viwango vya kodi duniani kote vilingane, jambo ambalo wewe na mimi hatutaliona.

Hesabu ya mia moja

Tuchukue faida ya shilingi milioni 100 iliyopatikana Uganda. Uganda inatoza asilimia 30 ya faida ya kampuni. Kampuni tanzu ikitoa gawio kwenda kwa mwenye hisa asiye mkaazi, kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mwenyewe, ni asilimia 15. Tawi la kampuni ya nje likirudisha faida kwao, nalo linatozwa asilimia 15 ya kile kilichorudishwa. Tudhani faida yote iliyobaki inaletwa nyumbani.

| Njia | Kodi Uganda | Kodi nyumbani | Inayobaki |
|---|---|---|---|
| Kuuza kwa wakala kutoka Dodoma | 0 | 30 | 70 |
| Tawi la kampuni ya Dodoma | 40.5 | 0 | 59.5 |
| Kampuni tanzu ya Dodoma, ikipata nafuu ya kodi ya zuio pekee | 40.5 | 10.5 | 49 |
| Kampuni tanzu ya Afrika Kusini | 40.5 | 0 | 59.5 |

Mstari wa kwanza usikudanganye. Ile 70 inavutia kwa sababu faida yote imepatikana Tanzania na imetozwa mara moja. Lakini wakala wa Kampala hafanyi kazi ya sadaka. Naye amekula faida yake kabla yako, kwa hiyo milioni 100 ya wakala na milioni 100 ya duka lako mwenyewe hazipatikani kwa idadi moja ya chupa. Linganisha chupa kwa chupa.

Kwenye tawi, Uganda inachukua 30, inabaki 70. Ukiirudisha yote, asilimia 15 yake ni 10.5. Ukifika Tanzania unadaiwa 30, unaonyesha stakabadhi za Uganda, deni linafutika. Nafuu ya kodi ya nje haizidi kile ambacho Tanzania ingetoza kwenye mapato hayohayo, kwa hiyo zile 10.5 za ziada hakuna atakayekurudishia.

Mstari wa tatu ndio uliomfanya mzee avute kiti akae. Kampuni tanzu imelipa 30 huko, ikatoa gawio la 70, likakatwa 10.5. Gawio linafika Dodoma kama mapato ya nje ya kampuni mama. Tanzania inatoza asilimia 30 ya ile 70, yaani 21, halafu inapunguza zile 10.5 zilizokatwa kwa jina lako. Unaongeza 10.5. Na zile 30 za mwanzo je? Sheria yetu inazungumzia kodi ya nje iliyolipwa na mtu mwenyewe anayedai nafuu, na kampuni tanzu kisheria ni mtu mwingine, hata kama hisa zote ni zako na mwanao ndiye meneja.

Naongeza tahadhari hapa, maana mstari huu ndio wa kuupima kabla ya kusajili chochote. Sheria hiyohiyo ina sehemu yake maalumu kuhusu kampuni za nje zinazodhibitiwa na wakaazi wa Tanzania: faida ambayo haijagawanywa huhesabiwa kana kwamba imeshagawanywa mwisho wa mwaka. Maana yake ni mbili. Kwanza, ule ujanja wa "tuiache faida Kampala mpaka wajukuu wakue" una kizuizi. Pili, hesabu ya kampuni unayoidhibiti inapitia mlango tofauti na ya mtu mwenye hisa chache, na hisa zilivyogawanywa zinaweza kuibadilisha tarakimu yako. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakuruhusu kumwomba Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) tamko la maandishi kuhusu mpango wako mahususi. Omba kabla ya kusaini. Ushauri wa mdomo dirishani, hata ukitolewa kwa nia njema kabisa, hauwekwi kwenye faili.

Sasa rudi kwenye mstari wa nne. Kodi ya Uganda ni ileile. Nyumbani, sifuri. Hapo bado sijagusa mkataba wa kuzuia kodi mara mbili kati ya Afrika Kusini na Uganda, ambao unaweza kuwashushia zaidi. Kwa kila milioni 100, mwenzetu anaweza kuwa na milioni 10.5 zaidi za kuongeza tangazo, kupunguza bei ya chupa, au kumlipa mwenye supamaketi ampe rafu ya usawa wa macho. Ushindani unaumizwa na vitu vya kawaida namna hiyo.

(Mzee aliuliza: na hii inayobaki ni yangu? Hapana. Kampuni yako ikikugawia wewe mwenye hisa hapa Tanzania, kuna asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye gawio. Iko kwenye mistari yote mitatu ya Dodoma, ndiyo maana sikuiweka.)

Marekani walijifunza kwa gharama

Mfano mkubwa kuliko wote wa mjadala huu ni Marekani. Mpaka mwaka 2017 walitoza asilimia 35 kwa faida ya dunia nzima, lakini kwa sehemu kubwa ya faida ya kampuni tanzu, kodi ilisubiri mpaka fedha zirudishwe nyumbani. Unaweza kukisia kilichotokea: hazikurudishwa. Apple peke yake ilifikisha zaidi ya dola bilioni 250 nje. Wengine wakaona afadhali kubadilisha uraia wa kampuni. Burger King iliungana na Tim Hortons mwaka 2014 na makao yakawa Kanada. Medtronic, ya vifaa tiba, iliinunua Covidien mwaka 2015 na kampuni mama ikawa ya Ireland, ambako kiwango kilikuwa asilimia 12.5.

Sheria ya Desemba 2017 ikashusha kiwango hadi asilimia 21 na kusamehe gawio kutoka kampuni za nje zinazomilikiwa kwa asilimia 10 au zaidi. Faida iliyokuwa imelala nje ikatozwa mara moja, asilimia 15.5 kwa iliyo katika fedha taslimu na asilimia 8 kwa iliyobaki. Mwezi uliofuata Apple ikatangaza italipa takriban dola bilioni 38. Wakati huohuo wakaweka kodi ya kima cha chini kwa faida ya nje iliyotozwa kidogo mno, kwa kuogopa kwamba kusamehe kila kitu kungefungua zizi lote.

Ninachokichukua kwenye hadithi hiyo ni kidogo. Kampuni kubwa ikibanwa, inahama. Ya Hombolo haina pa kuhamia, mizabibu haibebeki. Kwa hiyo pengo lilelile linalomfanya tajiri abadilishe anwani linamfanya mdogo asivuke mpaka kabisa, na hilo haliandikwi gazetini kwa sababu hakuna lililotokea.

Tawi au kampuni tanzu: pale hesabu na hofu zinapovutana

Kwa kodi peke yake, jedwali linasema tawi. Kwa usingizi wako, wengi tunasema kampuni tanzu. Tawi ni wewe mwenyewe uliyenyoosha mkono ukafika Kampala. Likidaiwa, unadaiwa wewe. Mteja akishtaki kwa sababu ya shehena iliyoharibika, mapipa yako ya Hombolo yako ndani ya kesi. Kampuni tanzu ina ukuta, na ukiwa hukuweka dhamana binafsi benki, ukuta huo ni wa kweli.

Vitabu vingi vya biashara vinatoa sababu nyingine ya kuanza na tawi: miaka ya mwanzo ni ya hasara, na hasara ya tawi itapunguza kodi ya nyumbani. Nimewahi kuwasikia hata wahasibu wenzangu wakiwaambia wateja hivyo. Kwetu hailingani na sheria. Hasara ya biashara kutoka nje inapunguzwa kwenye mapato ya nje tu. Huwezi kuchukua hasara ya Kampala ukaipangusia faida ya Dodoma. Inakusubiri mpaka upate faida ya nje. Kwa hiyo ukisoma ushauri ulioandikwa kwa kampuni za Ulaya, sehemu hiyo iruke.

Kampuni tanzu nayo ina mlango wa uani ambao jedwali halikuonyesha: mkopo. Badala ya kuipa mtaji wote kama hisa, kampuni mama inaweza kuikopesha. Riba ni gharama Uganda, kwa hiyo haipiti kwenye ile asilimia 30. Inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 ikitoka, na ikifika Tanzania inatozwa 30 huku zile 15 zikipunguzwa. Katika kila mia ya riba unabaki na 70, ukilinganisha na 49 ya gawio kwenye mstari ule mbaya. Usikimbilie kuandika mkataba wa mkopo wa mabilioni, lakini. Uganda inaweka kikomo: riba inayokubalika haizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Na kiwango cha riba kiwe kile ambacho benki isiyokujua ingekutoza.

Hilo la "asiyekujua" ndilo linalowakamata wengi, zaidi hata ya viwango. Ukiiuzia mvinyo kampuni yako mwenyewe ya Kampala, bei ya chupa ndiyo inayoamua faida ilale wapi. Ukiuza kwa bei ya juu, faida inabaki Tanzania na inatozwa mara moja. Ukiuza chini, inahamia Uganda na kupitia foleni ya kodi tatu. Kishawishi kinajulikana, na mamlaka za pande zote mbili zinakijua kabla yako. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinadai bei iwe ile ambayo watu wasio na uhusiano wangekubaliana. Miamala ya namna hiyo ikifika shilingi bilioni 10 kwa mwaka, nyaraka zake zinawasilishwa pamoja na ritani (fomu ya hesabu za kodi za mwaka). Ikiwa chini ya hapo, uwe nazo tayari, maana ukiombwa una siku 30. Mzee alikuwa na ushahidi bora kuliko alivyodhani: miaka miwili ya ankara za kuuza chupa zilezile kwa mawakala ambao si ndugu zake. Hiyo ndiyo bei ya soko. Nilimwambia azitoe kwenye boksi chini ya kitanda aziweke kwenye faili.

Kikao cha bodi chini ya mwembe

Kuna kosa moja linafuta jedwali lote. Kampuni inahesabiwa mkaazi wa Tanzania si kwa kusajiliwa hapa tu, bali pia kama uongozi na udhibiti wa shughuli zake unafanyika hapa wakati wowote ndani ya mwaka. Sasa fikiria kampuni tanzu ya Kampala yenye wakurugenzi watatu, wote wa familia moja, wote wanalala Dodoma. Bei wanapanga Jumapili baada ya ibada. Mkopo wanaupitisha kwa kundi la WhatsApp. Hundi anasaini baba.

Kampuni hiyo ina cheti cha Uganda, lakini ubongo wake uko Dodoma. Mkaguzi wa hapa anaweza kusema ni mkaazi wa Tanzania, mwenzake wa Uganda akasema ni ya kwao kwa kuwa imesajiliwa kwao, na hakuna mkataba wa kuwaamua.

Nasema hakuna, maana majirani hawa wawili hawajafunga mkataba unaotumika. Makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kuzuia kodi mara mbili yalitiwa saini Novemba 2010, na miaka imepita bila kuanza kutumika kwa kuwa nchi zote hazijayaridhia. Mikataba ambayo Tanzania imekuwa nayo kwa muda mrefu ni tisa: Kanada, Denmaki, Finland, India, Italia, Norwe, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Itazame vizuri orodha hiyo. Ya Afrika ni miwili, na kati ya hiyo ni Zambia pekee inayopakana nasi. Bidhaa yako inavuka Mutukula bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, kinachoonyesha imetengenezwa wapi. Faida yake ikirudi njia hiyohiyo haina cheti cha namna hiyo. Kwa anayechagua kati ya Kampala na Lusaka, hili peke yake ni sababu ya kupiga hesabu upya.

Upande wa pili wa uzio

Tumekuwa tukitazama kutoka Dodoma kwenda nje. Wapo waliokuja. Kiwanda cha mbolea cha Itracom pale Nala, Dodoma, kina mzizi Burundi, na kila mwekezaji wa namna hiyo ana swali la kwao kama mzee alivyo na la kwake: faida ya Dodoma, nyumbani wataifanyaje?

Hapa msamaha wa kodi unaonyesha sura yake. Tanzania imekuwa ikiwapa wawekezaji wa maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje miaka 10 bila kodi ya mapato. Kama nchi ya mwekezaji husamehe faida ya nje, zawadi hiyo inamfikia yeye. Kama nchi yake humfuata mwenye ng'ombe na haina utaratibu wa kuheshimu msamaha wetu, tulichokisamehe Dodoma kinakwenda kujazia hazina ya kwao. Tumeacha mfuko wazi, jirani kachukua.

Makubaliano ya mwaka 2021 ya zaidi ya nchi 130 yameliongezea swali hilo uzito: makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 kwa mwaka au zaidi yalipe angalau asilimia 15 kila yanapofanya kazi, na nchi nyingine inaweza kukusanya kilichopungua. Ulaya na Uingereza zilianza kutumia kanuni hizo 2024. Mzee wangu hahusiki nazo hata kidogo, na wewe unayesoma hapa uwezekano mkubwa huhusiki. Anayehusika ni afisa anayeandaa kifurushi cha kumvutia jitu kubwa lije Nala: kwa mgeni wa ukubwa huo, barabara, umeme usiokatika na stesheni ya reli vina thamani kuliko sifuri kwenye ritani.

Na je, Tanzania isamehe gawio la nje kama Afrika Kusini? Mimi ningelisamehe kwa sharti moja: faida iwe ya biashara halisi iliyotozwa kule angalau kiwango kinachokaribia chetu. Uganda na 30 yake ingepita. Kampuni ya sanduku la posta tu, kwenye kisiwa kisichotoza kodi, ingebaki nje. Mapato ambayo serikali ingekosa kwa kampuni za mikoani ni haba, maana zenyewe zilizovuka ni za kuhesabu. Wenzangu wengine wa taaluma wanaona nafungua zizi. Tumebishana hili kwenye chai zaidi ya mara moja, na anayelipa chai hubadilika.

Nani achague nini

Ukiwa unauza chini ya lori moja kwa mwezi, wakala. Usilipie mkaguzi, mwanasheria na ritani za nchi mbili kwa ajili ya makasha yanayoenea kwenye Fuso. Angalia tu wakala awe wakala kweli: akianza kusaini mikataba kwa niaba yako na kuhifadhi mzigo wako kwenye stoo uliyopanga wewe, Uganda inaweza kusema una tawi tayari, ulisajili ama hukusajili.

Ukiwa na faida ya uhakika, unataka kuirudisha nyumbani kila mwaka, na bidhaa yako haina hatari kubwa ya kushtakiwa, tawi linakuweka sawa na Mwafrika Kusini. Ukiwa na deni, wabia wa kule, au bidhaa inayoweza kumdhuru mtu, beba gharama ya kampuni tanzu, sehemu ya mtaji iwe mkopo, na bodi ikutane Kampala na watu wanaoweza kukataa. Ukiwa unapanga kuiacha faida kule ikuze biashara, tofauti ya tawi na kampuni tanzu inapungua, kwa sababu ile asilimia 15 hukatwa kwenye kinachotoka. Bado soma sehemu ya kampuni zinazodhibitiwa kabla ya kuhesabu vifaranga.

Mzee alichagua wakala kwa misimu miwili zaidi, na zabibu za Dodoma zikivunwa mara mbili kwa mwaka, hiyo si subira ndefu. Aliacha chupa yake mezani kwangu, ile ya Afrika Kusini akaondoka nayo. Anataka kumwonyesha fundi wake kizibo.